Kumulika Tanga

Jumapili, tarehe 9 Novemba

Kwa Wifi yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heri na upendo. Natumaini barua hii itakukuta una nguvu, goti lako limeacha kukusumbua kwenye ngazi, na shemeji amepona kile kikohozi kilichomtoa nje ya ukumbi kila wakili alipofungua mdomo. Wasalimie watoto. Yule mdogo mwambie kwamba hayo meno mapya nitataka kuyaona kwa macho yangu, asinipe habari za kusimuliwa. Mimi mwili hauna neno. Nakula, nafanya kazi, na usiku nalala vipande vipande kama mtu aliye safarini.

Cherehani imeanza tena kulia. Kwa muda wateja walikuwa wananionea huruma mpaka wakaacha kuniletea kazi, ikabidi nimwambie mwenye duka la kamba awatangazie kwamba huzuni haijanikata vidole. Sasa yamekuja maturubai ya malori na tanga moja la wavuvi. Chumba cha mbele kimejaa vitambaa kama zamani, na jirani yangu fundi viatu akija kuazima sindano anaruka ruka juu yake, analalamika kwamba nyumba yangu haina pa kutia mguu. Nafurahi akilalamika. Wengine wote wanazungumza nami kwa sauti ya hospitali.

Kuna vitu vidogo vinavyonishinda. Unajua ndugu yako Njiti alivyokuwa na tabia ya kubandika kipande cha sabuni kilichobaki juu ya sabuni mpya ili kisipotee bure. Ile ya mwisho bado ipo bafuni, na kipande chake kimekaa mgongoni kama mtoto. Naogea upande wa pili. Najua ni upuuzi, sabuni ni ya kuogea, lakini mkono unakataa. Na jioni mtu akigonga mlango moyo bado unadanganyika, maana ni yeye peke yake aliyekuwa na ufunguo mfukoni na bado akagonga, halafu nikiuliza ni nani, ananijibu kwamba ni mgeni tu, na kama mwenye nyumba hayupo yeye ataingia akae badala yake. Miaka yote hiyo alirudia mzaha huo huo, na nilikuwa nikimwambia atafute mwingine kwa kuwa huo umeshatoboka.

Barua yako niliipata Jumatano. Umeniandikia kwamba kikao cha mwisho cha baraza la uchunguzi ni Alhamisi hii, kwamba nitaitwa kuwa shahidi, na kwamba wakili wetu anataka nijiandae kwa jambo moja tu, nalo ni tanga. Kwa kuwa mimi ndiye niliyelishona, niwaambie watu kwamba lilikuwa jipya, lilikuwa jeupe, na kwamba mume wangu alilimulika kwa tochi kama ilivyo desturi. Umesema hilo likishatoka kinywani mwa fundi mwenyewe, yule ofisa aliyekuwa zamu kwenye meli iliyoigonga mashua ya Njiti hana tena pa kujificha. Atanyang'anywa cheti, kesi itapelekwa mahakamani, na huko ni jela. Umesema hapo ndipo na wewe utaweza kulala. Wifi, barua hiyo nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Leo nimefunga mlango wa mbele mchana kweupe ili nikujibu.

Wewe uliolewa mbali na maji, na siku ile ya baraza kwenye korido ulininong'oneza kwamba wakili akianza habari za njia za meli unatikisa kichwa tu kama mwanafunzi aliyekalishwa mbele. Basi ngoja nikueleze kama Njiti alivyonieleza mimi, kwa maana usipoelewa hapa hutaelewa yatakayofuata.

Katikati ya mlango wa bahari pana kama barabara mbili kubwa. Moja ni ya meli zinazokwenda, nyingine ni ya zinazorudi, na hazikauki meli usiku wala mchana. Mashua za watu wetu hazifuati barabara hizo. Kazi yao ni kuzikatiza, kutoka gati letu mpaka ng'ambo, na wanakatiza usiku kwa sababu upepo wa mchana hauna msimamo na soko la ng'ambo linataka vitunguu na nyanya viwe vimeshashushwa kabla ya kupambazuka. Njiti alisema ni sawa na kuku anayevuka barabara kuu, ila kuku ana miguu ya kukimbilia na wao wana tanga. Msemo wao ni kwamba meli haina breki. Mwenye meli akikuona sasa hivi na kugeuza usukani sasa hivi, meli yenyewe itamtii baadaye, ikipenda. Kwa hiyo ni lazima akuone mapema. Taa ndogo ya mlingotini haitoshi, kwa sababu inapanda na kushuka na mawimbi, na ukiitazama kutoka juu ya meli inafanana na nyota iliyokosa mahali pa kukaa. Rada nayo inachanganya mashua ya mbao na mawimbi. Ndiyo maana watu wa kuvuka wana njia yao. Meli ikikaribia, mmoja anachukua tochi kubwa na kulimulika tanga. Hamuliki meli, anamulika tanga lake mwenyewe. Tanga zima linawaka. Aliye juu ya meli anaona kitu kikubwa cheupe kimesimama gizani, anajua pale pana watu, anapinda kidogo, na kila mtu anakwenda zake. Huko ndiko kumulika tanga.

Mwaka tuliooana alinipeleka gatini kunionyesha. Alinisimamisha mwisho kabisa wa gati, akapanda mashuani, akapandisha tanga, akawasha tochi. Nilishtuka. Lilikuwa kama nyumba iliyofunguliwa madirisha yote kwa pamoja. Nilimwambia hilo hata kipofu angeuliza ni nini, akacheka mpaka tochi ikamponyoka ikaanguka majini, na akaizamia na shati lake la harusi kwa sababu tochi yenyewe ilikuwa ya kuazima. Shati hilo halikurudi kuwa kama lilivyokuwa. Nakumbuka tulivyorudi nyumbani akidondosha maji njia nzima, anawasalimia watu kwa heshima zote kana kwamba yu mkavu.

Sasa nije kwenye baraza. Wewe ulimwona Redio kwa mara ya kwanza siku ile, kwa hiyo hujui kwamba yule hakuwa Redio. Redio tunayemjua sisi, baharia aliyesafiri na Njiti miaka yote, alipewa jina hilo kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Njiti alikuwa akisema anamchukua safarini kama dawa ya kufukuza usingizi. Yule aliyesimama mbele ya baraza alitoa maneno moja moja kama mtu anayetema kokwa. Alisema njia ya kwanza waliivuka salama. Alisema katika njia ya pili waliiona meli, na waliona taa yake nyekundu na ya kijani zote mbili, na ukiziona zote mbili ujue inakujia uso kwa uso. Alisema Njiti alichukua tochi akamulika tanga, akasema haya, wametuona, akashikilia mwendo wake, kwa sababu mashua ikianza kuyumba huku na huku mwenye meli hajui aikwepe upande gani. Wakangoja ipinde. Haikupinda. Mwishoni Njiti alimwambia aruke, akaruka, na Njiti akabaki kwenye usukani akipambana kuigeuza mashua. Hayo ndiyo Redio aliyoyasema, na yote ni kweli. Hakuna aliyemuuliza zaidi ya hapo.

Kisha akasimama yule ofisa, kijana mwenye koti lililomzidi mabega. Alisema hakuwa amelala wala kulewa, alikuwa amesimama dirishani. Alisema amepita njia ile mara nyingi, mashua zetu anazifahamu, amezoea kuona tanga likiwaka naye akalikwepa. Lakini usiku ule hakuona kitu cheupe. Akalirudia hilo, kwamba hakuona kitu cheupe. Ndipo wewe uliposimama, wifi, ukamuuliza macho yake siku hiyo aliyaacha kwenye suruali ipi. Ukumbi ukalipuka. Mmoja wa nyuma akadakia kwamba labda aliyafungia kabatini yasichakae, watu wakacheka kile kicheko cha hasira, mwenyekiti akagonga meza mpaka glasi ikapinduka. Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni mwako. Ulinishika mkono ukaukuta wa baridi, ukadhani ni uchungu, ukauweka katikati ya mikono yako miwili uupashe moto.

Kuna jambo la siku ile sikukuambia. Wakati wa mapumziko nilitoka kwenda kunawa uso. Kwenye bomba la uani palikuwa na mama wa makamo akisuuza kifuniko cha chupa ya chai. Alinipisha. Kisha akaniuliza kama mimi ndiye mjane, nikaitikia. Akasema yeye ni mama wa yule wa melini. Nilitaka kuondoka, nikabaki. Hakuniomba chochote. Alisema hakuja kumtetea mwanawe, kama amekosa amekosa, mzazi hazai moyo wa mtoto. Ila ameona si vizuri tunywe maji ya bomba moja bila yeye kunipa pole. Akasema siku hizi mwanawe halali mpaka taa ya chumbani iwe inawaka, na akiwa anakula huweka kijiko chini akamuuliza, mama, nilikuwa natazama, sasa kwa nini sikuona? Naye anamwambia ale chakula kitapoa. Akanipa pole yake kwa mikono miwili, akachukua chupa yake akaenda. Wifi, jibu la swali la kijana yule nilikuwa nalo mimi. Nikafungua maji nikanawa uso ambao nilikuwa nimeshaunawa.

Sasa nakuomba ukae chini kama umesimama. Na kama kuna mtu anakusomea kwa sababu ya miwani, mwambie aache, utafute miwani yako, umalizie mwenyewe.

Tanga halikuwa jeupe.

Unajua kwamba nawashonea pia wavuvi wa karibu na nchi, wale wasiovuka. Hao matanga yao huchemshwa katika maji ya magome ya mti mpaka yawe ya kahawia, rangi ya udongo uliolowa, kwa sababu magome yanazuia ukungu. Tanga jeupe la pamba likikunjwa na unyevu, ukungu unalila. Kila msimu wa mvua nilikuwa nakata sehemu zilizooza za tanga la mume wangu na kuweka kiraka, na kiraka nacho kinaomba kiraka. Nilikuwa nikimuuliza mbona wao wa kuvuka hawatii magome. Alinijibu kimzaha kwamba tanga la kuvuka ni jeupe kama shati la bwana harusi, ndivyo walivyolikuta. Nikadhani ni madaha tu. Watu wa kuvuka wana madaha, wanatembea gatini kana kwamba gati waliachiwa urithi na baba zao. Na mimi niliyesimama pale mwisho wa gati nikaona tanga likiwaka kama nyumba, sikuwahi kuyaunganisha mambo hayo mawili. Kwangu mwanga ule ulikuwa wa tochi. Sikujua kwamba ulikuwa wa kitambaa.

Basi utakumbuka alivyokuja kwako kukusaidia kuezeka upya jiko lako. Siku hizo ndizo nilizozitumia. Nilishona tanga jipya kwa siri, mshono wa mara mbili kila pindo, nikalitia magome kwenye pipa uani, nikalianika humo humo ndani ya ua ili majirani wasije wakamwambia kabla sijamwonyesha. Mikono yangu iligeuka kahawia mpaka kwenye viwiko. Ulipofika msibani ulizitazama kucha zangu ukauliza nimeshika nini, nikakujibu kwamba ni rangi ya kazi. Wakati huo nilikuwa sijui bado, nilikujibu kwa moyo safi. Baadaye nilizisugua kwa jiwe.

Aliporudi kutoka kwako nilimfumba macho nikamwingiza uani. Nilipoyaachia alilizunguka tanga polepole. Alishika pindo, akausifu mshono, akasema hajapata kuona mshono ulionyooka namna ile. Kisha akaenda pembeni akainua lile tanga kuukuu jeupe lenye viraka, akaliweka begani kama mtu asiyetaka kuonekana anafanya jambo. Akasema labda kwa safari ya leo aende na hili, lile jipya lipumzike kwanza.

Nikakasirika. Haikuwa hasira ya kweli, ilikuwa ile hasira ya mke anayejua atabembelezwa. Nilimwambia aende basi na tambara lake, gati zima lione kwamba mke ni fundi wa matanga na mume anasafiri na shuka la wagonjwa. Nikamwambia kama kazi yangu inamtia aibu aseme. Akanitazama. Wifi, niliona kwamba ana neno mdomoni. Ningemuuliza tu, Njiti, kuna nini, angeniambia, maana hakuwa mtu wa kuficha ukimuuliza. Sikumuuliza, kwa sababu nilikuwa nataka kushinda. Ujinga wa rangi naweza siku moja kujisamehe, hakuna aliyenifundisha. Hili la kutomuuliza ndilo linaloniamsha. Alilishusha lile kuukuu, akalikunja vizuri kama alivyokunja kila kitu, akabeba jipya. Mlangoni akageuka akasema ni zuri sana.

Ilikuwa Jumapili jioni kama leo, gatini hapakuwa na watu. Walitoka kwa ile injini ndogo ya kutolea mashua bandarini, tanga likiwa bado limefungwa. Kwa hiyo hakuna aliyeliona isipokuwa Redio, na lilizama pamoja na mashua. Kila mtu amedhani lilikuwa jeupe kwa kuwa yote ni meupe.

Redio alikuja kwangu siku zile za msiba, wewe ukiwa umetoka kwenda sokoni. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, akachezea mkasi wangu mpaka nikamnyang'anya. Ndipo akasema kwamba kumulika tanga lile kulikuwa kama kumulika shimo. Wao waliokuwa chini yake waliona mwanga kidogo wakaridhika, lakini sasa anajua kwamba mwanga ule haukutoka hata nje ya mashua. Akaniambia walipolipandisha baharini yeye alianza maneno yake, akataka warudi wakachukue lile jeupe. Njiti akamwambia azime redio. Alisema watavuka nalo safari hiyo moja tu, wataangalia vizuri, na akirudi atatafuta namna nzuri ya kunieleza, kwa sababu nimelishona kwa furaha na hataki kuivunja kwa haraka. Redio alilia pale kitini, wifi. Halafu akajifuta akanisihi nisilitaje jambo hili mahali popote. Alisema swali lisiloulizwa halidai jibu, marehemu harudi, na wenye meli wanao mawakili wao wa kuwatetea.

Nami nikakubali. Ulirudi na kapu lako ukanikuta nimeinamia meza, ukanipapasa mgongo. Nikakubali tena kesho yake na siku zilizofuata, ulipokuwa unalala kwenye godoro sakafuni ili nisiamke peke yangu, ulipokuwa unanichana nywele kila asubuhi huku ukiniambia kwamba ndugu yako alikuwa na bahati ya kunipata. Wewe ndiye uliyemlea. Mama yenu alipofariki ulimbeba mgongoni kumpeleka shule na wewe mwenyewe ukiwa mtoto, na wewe ndiye uliyemwita Njiti kwa ile miguu yake. Kila nilipofungua mdomo nikuambie, kichanuo kilikuwa kimo kichwani mwangu, mkono ni wako. Nilishindwa. Kisha ukaanza kumchukia yule kijana wa meli, na nikaona chuki hiyo inakusimamisha wima, inakufanya ule, upande basi, uandike barua, uongee na mawakili. Nikajiambia ninakuachia fimbo ya kutembelea. Huo nao ulikuwa uongo. Nilikuwa najificha nyuma yako.

Sijui kama yule kijana hana kosa lolote. Huenda angetazama zaidi angeiona ile taa ndogo. Hilo waamue wenye kazi yao, lakini waamue wakijua tanga lilikuwa la rangi gani. Alhamisi wakiniuliza nitasema. Wasiponiuliza nitasimama niseme, kama wewe ulivyosimama. Redio nimemwambia jana. Kwanza alinigombeza, akaniuliza nani amenituma kujichimbia kaburi nikiwa hai, akasema wanawake tuna kiherehere hata cha kufungwa. Nikamwacha aseme, nilifurahi kumsikia akisema. Mwisho akaniambia nikisimama mimi naye atasimama, asije akaonekana mwoga mbele ya mwanamke.

Nimekuandikia kwanza ili usije ukalisikia ukumbini katikati ya watu, huku macho yote yakikutazama utafanyaje. Barua hii nitampa dereva wa lori la maturubai anayepita kwenu kesho, na nimeshamwapisha akukabidhi mkononi, asimwachie mtoto wala jirani. Wakili ukitaka mwambie wewe, usipotaka niachie mimi. Nyumba hii ilikuwa ya ndugu yako kabla haijawa yangu. Ukisema nitoke nitatoka, na sitakwenda kwa watu kulalamika. Ukija Alhamisi usijilazimishe kukaa na mimi. Kaa unapoona moyo wako unakaa. Na ukiona unataka kunipigia kelele mbele ya watu, wifi, nipigie, sitaondoka. Nikimaliza kusema nitamtafuta yule mama wa bombani nimpe jibu la mwanawe, hata kama atakuwa ameshalisikia.

Msamaha sikuombi kwa barua. Mwenye kuomba kwa barua haoni uso wa anayemwomba, na mimi nimeshajificha vya kutosha.

Nisalimie shemeji na watoto wote. Dawa ya goti uchue kabla ya kulala, si asubuhi, ndiyo inavyosaidia. Neno langu la mwisho ni dogo. Utakapokuwa unawasimulia watoto habari za mjomba wao, usiniruke. Sema alikuwa na mke, sema na alilolifanya, lakini nitaje. Nikumbuke, wifi.

Mimi,
mke wa Njiti